Matatu ya chama na hesabu ya kura za maoni

Vijana wa maskani yetu wananiambia chama ni kama matatu: unapanda ufike, kisha unashuka. Siwezi kuwabishia sana. Jubilee iliundwa 2016 kwa kuunganisha vyama kadhaa, ikashinda 2017, na kufikia 2022 William Ruto akagombea urais kwa UDA. Na walioandamana Juni 2024 walisema wazi hawana chama wala kabila.

Ila kwenye kura za maoni naona wanateleza. Mmoja aliniuliza, "Ami, mbona mimi sijawahi kuhojiwa?" Hesabu yenyewe ni hii. Sensa ya 2019 iliipa Mombasa watu milioni 1.2 kati ya milioni 47.6 wa Kenya. Wakihojiwa 2,000 nchi nzima kwa uwiano huo, Mombasa itapata kama 50. Lamu, sita! Kwa urais zatosha, ukiacha asilimia mbili hivi juu au chini. Anayezitumia kukutabiria ugavana wa Lamu anakuchezea shere.

Sheria ya 2012 inamtaka mchapishaji aseme nani alilipa, wangapi walihojiwa na waliulizwa nini. Bango la WhatsApp halisemi.

Hata zilizofuata sheria huteleza. Mwaka 2022 nyingi zilimweka Raila mbele. Ruto akatangazwa mshindi kwa tofauti ya kura kama 233,000. Mombasa peke yake ilikuwa na wapiga kura zaidi ya 640,000 kwenye daftari, na zaidi ya nusu yao hawakwenda vituoni.