Tarumbeta si kelele: namna ya kumsikiliza Lee Morgan na wenzake

Kwa mtu aliyekulia Soweto, Mbeya, tarumbeta si kitu kigeni. Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka kwenye desturi ya kupuliza ala za shaba ibadani, na mpaka leo matarumbeta yanasikika kanisani, harusini na hata msibani. Sikio lipo tayari. Ila mwekee mtu huyohuyo jazi ya Marekani, dakika mbili tu atakwambia ubadilishe, hizo kelele.

Mara nyingi shida ni mahali pa kuanzia. Jazi ipo ya aina nyingi, na iliyo karibu zaidi na sikio la huku ni ile inayoitwa hadibopu. Ilishika kasi katikati ya miaka ya 1950. Wanamuziki weusi wa miji kama New York, Philadelphia na Detroit waliichukua jazi ya mwendo kasi, ambayo wengi walishaona ngumu kuifuata, wakairudishia bluzi na ladha ya kanisani.

Chukua "Moanin'" ya Art Blakey na kundi lake la Jazz Messengers, iliyorekodiwa 1958. Piano inaita, wapulizaji wanaitikia kwa noti mbili, kama waumini wanaosema "Amina". Hapo hata shangazi yako wa kwaya ameshaelewa. Kisha zamu inakuja kwa Lee Morgan, kijana wa miaka 20 tu. Hana haraka ya kuonyesha ufundi. Anatupa kipande kifupi, anakirudia, anakigeuza kidogo, anaacha nafasi, anaendelea. Utadhani mtu anapiga stori kijiweni na anajua wote mnamsikiliza.

Melodi ndiyo hiyo: solo ambayo ukiisikia mara tatu nne unaweza kuiimba mwenyewe. Jaribu. Ukishindwa kukumbuka hata kipande, huenda mpigaji alikuwa anakuonyesha spidi ya vidole tu.

Na vidole peke yake havifiki mbali, maana tarumbeta ina vitufe vitatu. Kazi kubwa inafanywa na midomo na pumzi: ukibana midomo sauti inapanda, ukilegeza inashuka. Ndiyo maana kila mpigaji anatambulika kwa sauti, kama mwimbaji. Ya Clifford Brown ilikuwa nene na laini, na hata akienda mbio kila noti unaisikia. Msikilize kwenye "Joy Spring" ya 1954. Alifariki kwa ajali ya gari Juni 1956, akiwa na miaka 25, na wapigaji bado wanajifunza kwake. Morgan naye alipigwa risasi klabuni New York, Februari 1972. Alikuwa na miaka 33.

Kwa upande wa Afrika, mtafute Hugh Masekela. Akiwa mwanafunzi Johannesburg, alipata tarumbeta yake ya kwanza kwa msaada wa padri Trevor Huddleston, yuleyule aliyekuja kuwa askofu wa Masasi, hapa Tanzania, mwaka 1960. Mwaka 1959 Masekela na wenzake, akiwemo mpiga piano Abdullah Ibrahim, waliunda Jazz Epistles, kundi lililofuata nyayo za Blakey. Santuri waliyorekodi 1960 inatajwa kuwa LP ya kwanza ya jazi ya wanamuziki weusi wa Afrika Kusini. Mwaka huohuo, baada ya mauaji ya Sharpeville, Masekela aliondoka nchini, na hakurudi kuishi kwao mpaka 1990.

Nyimbo zote hizi utazipata YouTube. Ila vaa earphone, maana spika ya simu inakata besi na tarumbeta inabaki inakwaruza. Mara ya kwanza ifuate tarumbeta peke yake. Mara ya pili sikiliza ngoma za Blakey, uone anavyomsukuma Morgan kila anapotaka kupumzika.