Maji, Mlango na Mizani: Desturi za Watu wa Mohenjo-daro

Katika nchi ya Sindh, kusini mwa Pakistani, si mbali na mto Indus, pana magofu ya mji wa matofali ya kuchoma uitwao Mohenjo-daro, uliokaliwa na watu tangu yapata mwaka 2500 hata kiasi cha mwaka 1900 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, kisha ukahamwa, ukafukiwa na udongo, wala haukujulikana umri wake mpaka mtaalamu wa mambo ya kale R. D. Banerji alipoanza kuuchimbua mwaka 1922. Watu hao hawana wa kutusimulia habari zao, kwa kuwa maandishi waliyoyachora juu ya mihuri yao ya mawe laini hayajapata kusomwa na mtu yeyote. Walakini nyumba zao zimebaki, na humo athari za desturi zao ni dhahiri.

Desturi iliyozishinda zote ilikuwa nadhafa. Visima vya mji huo hukadiriwa kuzidi 700, vyote vimejengewa kwa matofali yaliyochongoka upande mmoja ili duara ikae imara, na aghalabu ya nyumba zilikuwa na chumba cha kuogea, chenye sakafu ya matofali yaliyoshikana barabara na kuinamishwa kidogo, maji yapate kutoka ukutani na kuingia katika mfereji wa njiani. Mifereji hiyo ilifunikwa, na hapa na pale palichimbwa vishimo vya kunasa taka, ambavyo visingefaa kitu pasipo mtu wa kuvisafisha. Mimi humfikiria sana mtu huyo, aliyefunua matofali, akazoa uchafu wa jirani zake, akayarudisha mahali pake. Naye, kwa maoni yangu, astahili taadhima kuliko wengi waliosimamishiwa minara.

Juu ya kilima cha magharibi lipo birika kubwa, urefu wake mita 12, upana mita 7, na kina kupita mita 2, lenye ngazi kaskazini na kusini, ambalo mafundi waliliunga kwa jasi na kulizungushia lami lisivuje. Wataalamu wengi huona ya kuwa watu waliteremka humo kujitoharisha kwa ajili ya ibada, na katika mji ambamo kuoga kulipewa chumba chake nyumbani, rai hiyo yaelekea kuwa kweli.

Haya nayo ilikuwa na nafasi yake. Milango mingi haikuelekea njia kuu bali vichochoro, na mpita njia hakuweza kuuona ua wa ndani. Mwenyeji wa Lamu, aliyezoea daka na ukumbi uliopindishwa ili kuwasitiri watu wa nyumbani, angeifahamu maana yake mara moja.

Katika biashara walitumia mizani ya vijiwe vya mraba, vilivyokatwa na kusuguliwa kwa uangalifu, kila kimoja kikizidi mwenziwe kwa kiasi maalumu. Na vipimo vivyo hivyo vilitumika Harappa, mji ulio mbali sana upande wa kaskazini, na Lothal, katika nchi ya Gujarat. Shanga za akiki za mafundi wa bonde la Indus zimeonekana katika makaburi ya Ur, huko Iraki, na vyungu vyao vimefukuliwa Ras al-Jinz, pwani ya Oman.

Lililo ajabu zaidi ni kwamba katika mji wenye nidhamu kama hiyo halijapatikana jumba linalojulikana kwa yakini kuwa la mfalme. Sanamu ndogo ya mtu mwenye ndevu, isiyotimia hata sentimita 18, iliitwa ya mfalme na kuhani, lakini jina hilo ni la wachimbuaji tu. Kwa hiyo mimi naona nguvu iliyouweka mji ilikuwa katika mazoea ya wakazi wenyewe, kila mmoja akiitunza haki ya mwenziwe katika kisima, njia na mfereji. Naye atakayetaka ushahidi atazame matabaka ya juu, ya miaka ya mwisho: nyumba kubwa zimegawanywa kuwa vijumba, kuta zimejengwa ovyo, mifereji haitunzwi tena, na mfinyanzi amejenga tanuri lake katikati ya njia, jambo ambalo babu zake wasingaliliridhia kamwe.