KAZI YA WAGANGA WA HOSPITALI YA WANYAMA

Wafugaji wengi hudhani ya kuwa hospitali ya wanyama ni mahali pa kununulia dawa tu, kama duka lilivyo mahali pa kununulia chumvi. Mtu hufika pale bila ng'ombe wake, husema, "Nipeni sindano ya homa," na akiulizwa homa gani, hukasirika. Makusudi ya karatasi hii ni kueleza kazi ya waganga wa wanyama, ambao siku hizi huitwa madaktari wa mifugo, ili mwenye ng'ombe mmoja au mbuzi watatu apate kujua afike lini, alete nini, na lipi asilete kamwe.

Tutatoa mfano wa Morogoro. Huko, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilichoanzishwa mwaka 1984, ipo hospitali ya wanyama ambamo madaktari huponya na papo hapo hufundisha vijana wanaojifunza kazi hiyo. Basi usishangae ukiona watu watano wamemzunguka ndama wako mmoja, hawamchezei.

Tuseme ndama huyo ameacha kunyonya tangu jana. Jambo la kwanza afanyalo daktari ni kuuliza: ana umri gani, alioshwa kupe siku gani, amekwisha kupewa dawa gani. Kisha hutia kipimajoto katika njia ya haja kubwa. Joto la ng'ombe asiye na ugonjwa huwa kati ya digrii 38 na 39 na nusu; likipita 40, ana homa. Halafu hupapasa chini ya sikio na mbele ya bega, akitafuta matezi yaliyovimba. Akiyaona, huchoma sindano nyembamba, huvuta maji kidogo ya tezi, huyapaka juu ya kioo, huyatia rangi, na kuyatazama kwa hadubini, yaani chombo kinachokuza vitu visivyoonekana kwa macho. Hapo ndipo huweza kusema kwa hakika kwamba hii ni ndigana kali, ugonjwa uletwao na kupe wa masikio.

Mtu atauliza, kwa nini taabu yote hii, na ndama anaonekana wazi kuwa mgonjwa? Ni kwa sababu ndigana ziko mbili. Ndigana baridi hukaa katika damu, na dawa yake ni oksitetrasaiklini, ile ya manjano ambayo kila mfugaji anaijua. Ndigana kali hutaka dawa nyingine, buparvakuoni, nayo ni ghali. Ukimchoma mwenye ndigana kali ile dawa ya manjano baada ya dalili kutokea, hutamponya, utapoteza siku tu. Na katika ugonjwa huu siku ndizo uhai wenyewe.

Nasema hayo kwa kuwa yalinipata mimi mwenyewe, niliyekuwa nikiwafundisha wengine. Nilikuwa na mtamba mmoja mzuri, tezi ikamvimba chini ya sikio. Nikasema ni jeraha la kupe. Nikamchoma dawa niliyokuwa nayo nyumbani siku tatu, maana niliona haya kumwita daktari kwa jambo dogo. Siku ya nne akaanza kupumua kwa shida na kutoa povu puani. Daktari alipofika, mapafu yalikuwa yamekwisha kujaa maji. Alimpa dawa ile iliyompasa kupewa siku ya kwanza, lakini mtamba hakufika asubuhi. Daktari hakunilaumu, aliniuliza tu nilimpa nini na kwa kiasi gani, akaandika. Basi nawe ukiulizwa, usifiche.

Jambo jingine la dawa hizi ni maziwa. Zikiingia mwilini hutoka pia katika maziwa. Mwulize daktari maziwa yamwagwe siku ngapi, wala usiwapelekee jirani.

Kazi yao ya pili ni chanjo, na wako watu wanaoikimbia hata leo. Wakumbuke sotoka, iliyoingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890 ikamaliza ng'ombe na kuwatia watu njaa. Walter Plowright na wenzake walitengeneza huko Muguga, nchini Kenya, chanjo iliyo bora kuliko zilizotangulia, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani. Ilikwisha kwa sababu wafugaji walikubali kukusanya ng'ombe wao na kuwashika wakachomwa.

Sasa lile lisiloletwa hospitali kamwe: mzoga wa mnyama aliyekufa ghafula. Ng'ombe akilala mzima na kuonekana asubuhi amekufa, tumbo limevimba, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au nyuma, na mwili haukukauka kama mizoga mingine, huenda ni kimeta. Usimchune, usimpasue, wala usimburute. Vijidudu vya kimeta vikipata hewa hujifunika ganda gumu, na huweza kukaa katika udongo miaka makumi, vikingojea ng'ombe mwingine aje kula majani. Mtu akichuna au akila nyama ile aweza kufa. Zuia mbwa na watoto, funika mzoga kwa miiba, kisha mtume mtu aende mbio kumwita daktari. Yeye atavaa mipira mikononi, atatwaa tone la damu katika sikio, naye atakwambia kama mzoga utachomwa moto au utafukiwa katika shimo la kina cha mita 2 pamoja na chokaa.

Najua neno hili ni zito. Ng'ombe aweza kuwa ndiye mali yote ya nyumba, na jirani watasema kwamba nyama inaoza bure. Wengi wamechinja mzoga gizani ili waokoe shilingi chache. Lakini daktari akifika na kukuta kichwa tu, ngozi imekwisha kuuzwa na nyama imegawanywa nyumba kumi, hana tena kazi ya ng'ombe mmoja: imempasa kuwapeleka watu wa nyumba kumi kwa daktari wa binadamu, na kuchanja ng'ombe wa kijiji kizima.

Mnyama aliye hai umlete asubuhi mapema, kabla ya jua kali, au umwite daktari aje ikiwa hawezi kutembea. Andika katika karatasi siku alipoacha kula na siku ya josho la mwisho. Ikiwa kuna chupa ya dawa uliyokwisha kumpa, hata kama ni tupu, ichukue pamoja nawe.