Umegongwa na kosa si lako? Usianze na bima yako

Sisi tunaopeleka mizigo ya wateja Masasi hadi Newala kwa kirikuu tunaulizana sana: nikigongwa kwa nyuma, bima yangu itapanda? Kama una bima kubwa na ukadai kampuni yako, mwaka ujao unaweza kukosa lile punguzo la kutodai, hata kama kosa si lako. Mimi ningedai bima ya aliyenigonga. Hata bima ndogo ipo kwa ajili ya hasara za watu wengine! Kwa hiyo mambo ya "tuyamalize hapahapa" achana nayo. Ita trafiki, piga picha namba ya gari lake, hakiki bima yake kwenye mfumo wa TIRA. Kampuni yako ijulishe tu. Mzigo je? Kwa kawaida bima ya gari haiugusi, ulizia bima yake peke yake.