Mauser ilipotoka vitani ikaenda kulinda malisho

Katika karakana ya jeshi la Marekani mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, mwanzoni mwa karne iliyopita, chuma cha bunduki kilipimwa kwa jicho. Fundi wa tanuri alikitazama kikiwaka, na rangi ilipomridhisha alikitoa. Hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na uzoefu, kama mpishi anayejua chumvi ya pilau bila kijiko. Shida ilikuwa jua. Siku ya mwanga mkali chuma kilionekana bado hakijaiva, basi kikaachwa motoni zaidi. Siku ya mawingu chuma hichohicho kilionekana tayari. Baadhi ya bunduki zilizotoka humo ziliungua ndani, zikawa ngumu lakini zenye kuvunjika kama gae. Mwaka 1917 kasoro hiyo ilijitokeza waziwazi, bunduki zikipasuka mikononi mwa wafyatuaji. Ndiyo maana hata leo fundi bunduki wa Kimarekani akiletewa Springfield ya toleo la 1903 hutazama kwanza namba. Ikiwa imetoka karakana hiyo na namba yake iko chini ya 800,000, fundi makini humwambia mwenyewe akaitundike ukutani.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kwa miongo mingi Wamarekani walikuwa na mapenzi makubwa na bunduki za vita zilizobaki ghalani. Walizinunua kwa bei chee, wakatupa mtutu na kitako, wakabakiza mtambo peke yake, yaani kile kiwiliwili cha chuma pamoja na komeo linaloingia na kutoka ndani yake. Juu ya mtambo huo walijenga bunduki mpya ya kupiga wanyama waharibifu wa mashamba.

Msomaji aliyekulia kijijini, aliyewahi kukaa juu ya dungu kuwinga ndege na kufukuza ngedere, anaijua vita hiyo. Tofauti ni adui. Katika nyika za Wyoming, Montana na Dakota Kusini adui wa mfugaji ni mnyama jamii ya kindi anayeishi mashimoni kwa makundi makubwa. Wenyeji humwita mbwa wa mbuga kwa sababu ya sauti yake ya kubweka. Hula majani ya ng'ombe, na wafugaji huamini kwamba mashimo yake huvunja miguu ya farasi. Akisimama wima hafiki dhiraa moja, na mara nyingi humwona mtu kabla mtu hajamwona yeye. Kumpata kwa umbali wa mita 250 si kazi ya bunduki ya kawaida. (Wanaikolojia wana kesi yao pia: kuna aina ya kicheche mwenye miguu myeusi anayeishi kwa kumla kindi huyo. Kicheche huyo alidhaniwa ametoweka duniani hadi alipoonekana tena Wyoming mwaka 1981. Mimi niko upande wa kicheche, lakini makala hii ni ya bunduki.)

Mtambo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa Paul Mauser, fundi wa mji wa Oberndorf, Ujerumani. Jeshi la nchi yake liliupokea mwaka 1898. Komeo lake lina meno mawili mbele yanayobeba nguvu yote ya mlipuko, na la tatu nyuma kwa tahadhari kama hayo mawili yatashindwa. Ganda la risasi likipasuka, kuna matundu yanayoelekeza gesi pembeni ili isimrudie mfyatuaji usoni. Wamarekani walivutiwa nao kiasi kwamba Springfield yao ya 1903 ilifuata mawazo yake kwa karibu mno, na serikali yao ikalazimika kumlipa Mauser dola 200,000 za haki ya uvumbuzi.

Afrika Mashariki iliufahamu mtambo huo mapema. Kampuni ya Rigby ya London iliuchukua ikautengenezea bunduki za kuwindia, na mojawapo, nyembamba na nyepesi, ndiyo iliyompa sifa mwindaji wa tembo W. D. M. Bell, aliyeitwa "Karamojo" kwa sababu ya safari zake za Karamoja, Uganda. Lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani, walikuwa bado wanabeba bunduki za mfumo wa 1871, zenye baruti ya moshi mwingi uliomwonyesha adui mahali walipojificha.

Turudi Marekani. Mbegu ya mchezo huu ilipandwa na wanajeshi wenyewe. Miaka ya 1920, Townsend Whelen, afisa wa jeshi, na Grosvenor Wotkyns walikuwa miongoni mwa wachache waliohangaika pale Springfield na risasi ndogo yenye kasi iliyokuja kuitwa .22 Hornet. Kampuni ya Winchester ilianza kuuza risasi hizo kabla ya kiwanda chochote kutoa bunduki yake, hivyo waliotaka kuzitumia walikwenda kwa fundi awageuzie bunduki waliyonayo. Baadaye mafundi wa mitaani wakachukua ganda la .250 Savage, wakalibana shingo likaze kichwa cha risasi cha milimita 5.7. Risasi hiyo, .22-250, hutoka mtutuni kwa zaidi ya mita 1,100 kwa sekunde, mara tatu ya kasi ya sauti. Kwa miaka mingi hakuna kiwanda kilichoitambua. Remington iliirasimisha mwaka 1965 tu. Bahati ni kwamba kitako cha ganda lake kina upana uleule, karibu milimita 12, na ganda la risasi ya jeshi la Ujerumani. Komeo la Mauser lililotengenezwa kwa ajili ya mahandaki ya Ulaya lililishika bila kubadilishwa kitu.

Sasa ingia karakanani. Kazi huanza kwa kung'oa mtutu wa zamani, na hapo ndipo jasho la kwanza humwagika, maana mtutu uliokazwa kiwandani ukakaa na kutu miaka 30 hautoki kwa kubembelezwa. Ukitoka, mtambo huwekwa kwenye mashine ya kukereza ili uso wake usawazishwe. Kiwanda cha vita kilikimbizana na siku, hakikujali tofauti ya unene wa unywele. Kisha hufuata matundu ya kushikia darubini, na hapa keekee huvunjika. Ngozi ya juu ya mtambo wa Mauser ni ngumu kama kioo, lakini ndani chuma ni laini, kwa makusudi, ili ukizidiwa upinde kabla ya kupasuka. Fundi asiyejua hilo akiyasaga meno ya komeo kupita kiasi huimaliza ile ngozi, na tangu siku hiyo komeo husogea nyuma kidogokidogo kila risasi inapolia. Bunduki inaonekana nzima, kumbe inakufa.

Mkono wa komeo nao lazima ukatwe na kuundwa upya, kwani ukiinuliwa hugonga darubini. Kifungio cha usalama husimama juu kama kishungi cha jogoo, nacho kikagonga palepale. Triga ya jeshi ni nzito na ndefu, na ilistahili kuwa hivyo kwa askari mwenye baridi na woga. Mtu anayelenga kindi anataka iachie kama kijiti cha kiberiti kinavyokatika. Mtutu mpya ni mnene na mzito ili usichemke haraka. Kitako cha mti wa mjozi hunywa unyevu, hufura, kikaanza kuusukuma mtutu, kwa hiyo mbao huchongwa isiuguse kabisa. Fundi hupitisha noti ya dola kati ya mtutu na mbao kutoka mwanzo hadi mwisho, na noti ikikwama patasi hurudi kazini.

Halafu jumlisha gharama: mtutu, triga, kitako, kifungio, kazi ya kukereza, kazi ya kuitia chuma rangi nyeusi. Mtambo wa bei chee ulimaliza pesa kuliko bunduki mpya ya dukani, na hasa baada ya Remington kutoa toleo lake la 700 mwaka 1962, lililokuwa na shabaha nzuri likitoka tu kwenye boksi. Wapenzi wa mchezo huu waliijua hesabu hiyo. Nadhani walichokuwa wananunua ni majioni karakanani.

Lakini chuma cha vita huja na siri zake. P. O. Ackley, fundi aliyefundisha ufundi bunduki katika chuo cha Trinidad, Colorado, baada ya Vita vya Pili, alichukua mitambo ya majeshi mbalimbali akaizidishia baruti makusudi hadi ikapasuka, ili ajue ipi ya kuaminiwa. Arisaka ya Kijapani, iliyodharauliwa na wengi, ilistahimili kuliko zilizokuwa na majina. Nyingi za Arisaka zilizofika Marekani zilikuwa zimefutwa kwa tupa lile ua la krisanthemumu, alama ya ufalme wa Japani.

Kilichofunga bomba la bunduki hizi za vita hakikutoka karakanani. Machi 1963 mtu mmoja alituma hundi ya posta kwa duka la Klein's la Chicago, akaletewa kwa njia ya posta Carcano ya jeshi la Italia yenye darubini. Bei dola 19.95, na kuisafirisha dola 1.50. Jina alilotumia lilikuwa la uongo. Novemba mwaka huohuo bunduki hiyo ilimuua Rais John F. Kennedy mjini Dallas. Sheria iliyosainiwa na Rais Lyndon Johnson Oktoba 1968 ilipiga marufuku kuwauzia watu bunduki kwa posta kutoka jimbo hadi jimbo, ikazuia pia kuingiza silaha za ziada za majeshi ya nje. Mlango ulifunguliwa tena kidogo miaka ya 1980, lakini kwa silaha kongwe zenye thamani ya kihistoria.

Hapo ndipo hesabu ilipopinduka. Siku hizi Mauser ya vita yenye mtutu wake, kitako chake na mihuri yake yote huuzwa kwa bei kubwa kuliko ile iliyokatwa na kupambwa na fundi hodari, hata kama mwenyewe ana risiti za gharama zote. Na vile vitako vya zamani vilivyotupwa kama kuni, wakusanyaji sasa wanavisaka kimoja kimoja ili wazirudishe bunduki zilivyokuwa.