Kilimanjaro kwa siku moja wakati wa kipupwe: mambo ya kujua kabla ya kutoka Chanika

Kipupwe kikiingia, wasikilizaji wa Chanika, Sindeni na Korogwe hutuuliza: lazima ufike kileleni ndipo uwe umepanda Kilimanjaro? Hapana. Ipo safari ya siku moja, kutoka lango la Marangu hadi kituo cha Mandara na kurudi.

Lango liko kwenye mita 1,870 hivi, Mandara mita 2,700 hivi. Njia hupita msituni, na mbega utawaona wakirukaruka juu ya miti. Kupanda huchukua saa tatu hadi nne. Ukibaki na nguvu, kreta ya Maundi iko karibu na hapo, na mawingu yakikubali utaona Kibo na Mawenzi. Tunasema yakikubali, maana Juni na Julai msitu ule hupenda ukungu, na unaweza kurudi hujaona theluji hata chembe.

Sasa baridi. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Sisi Chanika tuko chini ya mita 800, kwa hiyo siku tunayojifunika shuka mbili huku, Mandara kuna baridi zaidi kwa nyuzi kama 12. Fulana ya pamba na jinzi zikilowa hazikupi joto tena. Nunua sweta la sufu mnadani kwenye mitumba, beba koti la mvua na nguo kavu za kubadilisha. Viatu viwe vya kufunga, vyenye meno, ulivyokwisha kuvizoea. Raba mpya itakuchubua kabla hujafika nusu ya njia.

Jambo tunaloomba mlizingatie kuliko yote ni selimundu. Huko juu oksijeni ni kidogo, na oksijeni ikipungua chembe za damu za mgonjwa wa selimundu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa. Baridi na kukosa maji huzidisha hatari hiyo. Mwenye selimundu, pumu au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza, hata kama wenzake wameshalipa. Na yeyote atakayeumwa kichwa na kutapika njiani amwambie kiongozi, ashushwe.

Kiongozi ni lazima, hupandi peke yako. Hata Hans Meyer mwaka 1889 aliongozwa na wenyeji wa mlima. Mtafute kupitia kampuni yenye leseni. Kiingilio cha Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni, basi usisahau kitambulisho. Ada ya hifadhi hulipwa kwa kumbukumbu namba ya Serikali. Anayekutaka uitume kwenye namba yake ya simu, mkimbie.

Kwenda na kurudi Chanika siku hiyohiyo haiwezekani. Panda gari hadi Korogwe, kisha basi la Moshi, ushuke Himo. Kutoka hapo kuna magari ya Marangu. Lala huko, uwahi lango asubuhi.