Mtoto ameingia fakulte ya uchumi: achague opsiyo gani?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yakisha kutoka, hesabu moja inafanyika katika nyumba nyingi za Mususa na mitaa mingine ya Butembo, na kule Beni vilevile. Magunia mangapi ya kahawa yatauzwa? Mbuzi wangapi? Nani katika jamaa anaweza kukopesha? Minervali inapatikana kwa taabu, mtoto anaandikishwa katika uchumi na jestion, na wazazi wanapumua. Kumbe swali lenyewe bado liko mbele: ndani ya fakulte hiyo achague opsiyo gani? Kontabilite, fedha, marketingi, wafanyakazi, au uchumi wa vijijini?

Wanachama wengi wanatuuliza jambo hili, kwa hiyo tumeona vema kuliandikia.

Kwanza tuelewane juu ya wakati. Wazazi waliosoma zamani wanakumbuka mfumo wa grajua miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Katika uchumi, wanafunzi walisoma pamoja kwenye grajua, na opsiyo ilikuja kwenye lisansi, wakati kijana amekwisha kukomaa. Mfumo wa LMD, ulioanza kuenezwa katika vyuo vya nchi yetu mwaka wa masomo 2021-2022, umebadili mambo: lisansi sasa ni miaka 3, kisha masta miaka 2. Maana yake, uchaguzi unakuja mapema zaidi. Chuo na chuo vina utaratibu wake, basi mzazi anayeandikisha mtoto, iwe UCG iliyofunguliwa Butembo mwaka 1989, iwe UCBC ya Beni iliyoanza mwaka 2007, iwe chuo kingine, aulize siku ileile: opsiyo inachaguliwa muhula gani, na je, mtu anaweza kuibadilisha baadaye bila kurudia mwaka?

Vijana wengi tunaoongea nao wako wanataka fedha. Ukiwauliza sababu, wanasema banki. Hatuwalaumu. Mtu wa banki anavaa vizuri, anapata mshahara kila mwezi, na mvua isiponyesha yeye haimsumbui. Lakini hesabu wenyewe banki ziko ngapi hapa kwetu, na kila moja inaajiri watu wangapi kwa mwaka. Waliotegemea Goma nao waliona banki za kule zikifunga milango tangu Januari 2025. Masomo ya fedha ni mazuri kwa anayependa mambo ya mikopo na akiba, na koperative za akiba zinahitaji watu wa namna hiyo. Ila mtu asiyachague kwa sababu ya koti na tai.

Kwa maoni yetu, anayesitasita aanzie kontabilite. Tunasema hivyo kwa sababu tunaona daftari za koperative zetu, na tunaona pesa inapopotelea. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Hesabu tu haikufanywa.

Tuchukue mfano wa namba rahisi. Koperative inanunua kilo 10,000 za kahawa mbivu kwa wanachama, kila kilo franka 1,000. Imetoa franka milioni 10. Baada ya kumenya, kuosha na kukausha, karibu kilo 5 za mbivu zinatoa kilo 1 ya parche, basi inabaki na kilo 2,000. Mtu wa ofisi anagawanya milioni 10 kwa 2,000, anapata franka 5,000, anasema: tukiuza kwa 6,000 tumepata faida ya 1,000 kwa kilo. Wote wanafurahi. Lakini mnunuzi ananunua kahawa ya kijani iliyokobolewa, hanunui parche. Ukikoboa kilo 2,000 za parche, unabaki na kama kilo 1,600. Gawanya tena: kilo moja imegharimu franka 6,250. Ukiiuza kwa 6,000 umepoteza 250 kwa kila kilo, na hapo hujalipa magunia, motokaa, vizuizi vya barabarani wala mlinzi wa depo. Mwisho wa msimu wanachama wanauliza malipo ya nyongeza yako wapi, na prezida wa koperative anaanza kuchukiwa bure.

Kijana aliyesoma kontabilite vizuri analiona kosa hilo kabla mkataba haujatiwa sahihi. Hiyo ndiyo kazi yake.

Tena kuna sheria. Kongo ni mwanachama wa OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012, na sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inatuhusu sisi wote. Inatambua koperative nyepesi, inayoweza kuanzishwa na watu 5, na koperative yenye baraza la uongozi, inayotaka angalau watu 15. Zote zinatakiwa kuweka hesabu na kuzionyesha kwa wanachama katika mkutano mkuu. Nani atazitengeneza? Wakati mwingine tunalipa mtu wa mjini siku chache kwa mwaka, anajaza karatasi, anaondoka, na hakuna mwanachama aliyeelewa kitu.

Marketingi inaeleweka vibaya. Wazazi wanadhani ni kusoma namna ya kuuza sokoni, na kwa Butembo hilo linachekesha kidogo, maana hapa hata asiyejua kusoma anajua kuuza. Wafanyabiashara wetu walifika Dubai na China bila diploma, na hatuwezi kuwadharau. Lakini soko la kakao na kahawa linabadilika. Mwanzoni mwa 2023 tani ya kakao kwenye soko la New York ilikuwa chini ya dola 3,000. Mwaka 2024 ilipita dola 10,000. Mwaka 2025 ikashuka tena. Nani katika koperative yako alikuwa anafuata bei hiyo kila wiki? Tena Ulaya ilipitisha mwaka 2023 sheria juu ya ukataji wa misitu. Kuanza kutumika kwake kumeahirishwa, lakini inachotaka kinajulikana: kakao au kahawa iwe na alama za GPS za shamba ilikotoka, na shamba hilo lisiwe limekata msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kupanga orodha ya mashamba, kujibu barua ya mnunuzi kwa Kiingereza, kusoma mkataba: hiyo ni kazi ya mtu wa marketingi, na kwetu watu hao ni wachache.

Opsiyo ya wafanyakazi ina nafasi katika hospitali na mashirika makubwa. Koperative yenye walipwaji watatu haihitaji mtu huyo peke yake. Uchumi wa vijijini nao usichanganywe na agronomia. Hautafundisha mtoto kutibu ugonjwa wa migomba. Utamfundisha kujua kama dawa ya migomba inarudisha gharama yake. Kwa mtoto aliyekulia shambani na kulipenda, ni masomo mazuri.

Jambo moja tunaliomba kwa nguvu: kabla ya kuchagua, mtoto apitishe msimu mmoja karibu na ofisi ya koperative. Apime kahawa, aandike risiti, akae mkutanoni. Baada ya miezi miwili atajua kama namba zinamvuta au zinamchosha. Tena atapata neno la kuandikia kazi yake ya kumaliza masomo. Badala ya kunakili vitabu juu ya makampuni ya Ulaya, aandike gharama halisi ya kilo ya kahawa katika koperative ya mama yake. Msichana naye apewe nafasi hiyo. Mara nyingi kaka anatumwa ofisini na dada anabaki kuanika.

Tuseme ukweli pia: koperative zetu haziwezi kuajiri watoto wote wa wanachama, na mshahara wake ni mdogo kuliko wa banki. Atakayesomea kazi yetu ajue hivyo mapema.

Lakini tunaweza kumpokea kwa staji. Sheria ya OHADA inataka sehemu ya faida iwekwe katika akiba ya mafunzo, elimu na uhamasishaji wa ushirika. Huo siyo mfuko wa kulipa minervali ya mtoto wa prezida, tusidanganyane. Lakini mwanafunzi anayekuja kuwafundisha wanachama kusoma bilani yao, chakula chake na usafiri wake vinaweza kujadiliwa mkutanoni. Kwa koperative inayofunga hesabu tarehe 31 Desemba, mkutano mkuu unatakiwa kufanyika kabla ya mwisho wa Juni. Wekeni jambo hili katika ajenda.